Mfungwa Arudipo, Sisi Husema Nini?



 Tangu Jumapili ya tarehe 19 Januari 2025, siku vita viliposimamishwa Gaza, hapana nyumba katika Mji wa Kale ambayo haikuingiwa na habari za wafungwa. Siku ile ya kwanza walitoka wanawake 3 wa Kiisraeli, na usiku wake wakatoka Wapalestina 90, wanawake na vijana. Jumamosi ya tarehe 25 ikawa zamu ya askari wanawake 4 kwa wafungwa 200. Alhamisi ya tarehe 30 wakatoka Waisraeli 3, na Wapalestina 110 kwa upande wa pili. Siku hiyo hiyo waliachiliwa pia Wathai 5 ambao vita havikuwa vyao. Katikati ya tarehe hizo, Jumatatu ya tarehe 20, Donald Trump akaapishwa tena kuwa rais wa Marekani, na Wamarekani wakaanza kunyang'anyana sifa: ni nani hasa aliyeleta mapatano, yeye anayeingia au Joe Biden anayetoka?

Ramallah watu waliwabeba wafungwa wao mabegani. Jerusalemu Mashariki polisi walizikataza familia kusherehekea, basi furaha ikafanywa milango imefungwa. Tel Aviv umati ulisimama mbele ya kioo kikubwa uwanjani, ukilia na kukumbatiana. Hapa kwetu furaha ilikuwa ya simu. Kila kikundi cha WhatsApp, cha madrasa, cha arusi na cha upatu, kilijaa picha, takbira na maneno makali, na aliyejaribu kuuliza jambo alinyamazishwa.

Mama mmoja wa Kibokoni ametuletea barua fupi. Asema mwanawe wa darasa la nne aliona katika simu ya ami yake picha ya kijana anayeshuka kwenye basi la wafungwa, akauliza: "Huyu ni mwema au ni mbaya?" Ami akajibu kwamba ni shujaa. Baba akasema hatujui alifungwa kwa nini. Ubishi ukazuka baina ya ndugu wawili hadi wali ukapoa sahanini. Mama auliza amjibu nini mtoto. Barua hiyo ndiyo iliyonifanya niiweke kando mada ya karo niliyokuwa nimeiandaa, kwa sababu swali la mtoto huyu halina haja ya kupelekwa Gaza. Lina kwao hapa hapa Mombasa.

Jumanne ya tarehe 17 Disemba 2024, mwezi mmoja kabla ya mabadilishano haya kuanza, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza kwamba imemrudisha Kenya Mohammed Abdul Malik Bajabu, Mkenya aliyekuwa katika gereza la Guantanamo, kule Kuba. Alikamatwa hapa Mombasa Februari 2007, akakabidhiwa Wamarekani, na mwezi uliofuata akawa yuko Guantanamo. Mtoto aliyezaliwa wakati ule leo ana ndevu au anaposwa. Kwa muda wote huo, miaka 17 na zaidi, hakusimamishwa mbele ya mahakama yoyote kusomewa shtaka. Mwishoni mwa mwaka 2021 bodi ya Marekani yenyewe, ile inayopitia mafaili ya wafungwa wa pale, iliamua kwamba hapana tena haja ya kumzuia. Baada ya uamuzi huo akakaa karibu miaka 3 mingine.

Marekani yadai kwamba alikuwa katika mtandao wa al-Qaida wa Afrika Mashariki na kwamba alihusika na shambulio la Kikambala. Mawakili wake wa shirika la Reprieve walisema aliteswa. Hayo ni madai ya pande mbili, na mimi sina mizani ya kuyapima. Aliye na mizani ni hakimu, na hakimu hakuitwa.

Habari ile ilipofika hapa Disemba, haikukaa midomoni zaidi ya siku chache. Lakini katika siku hizo nilisoma na kusikia ya kutosha. Walikuwako waliompa ushujaa ambao hapana ushahidi kwamba aliudai. Walikuwako waliomwita gaidi, wakataka arudishwe alikotoka, na baadhi yao ni watu wetu wanaoswali safu moja nasi. Kundi la tatu, ambalo nadhani lilikuwa kubwa kuliko yote, lilinyamaza kwa hofu, kwa sababu katika mji huu kulitaja jina la aliyekamatwa kwa ugaidi ni kama kujiandikia anwani katika daftari la polisi. Nimewahi kuona nyumba ambayo majirani waliacha kupeleka hata sahani ya futari baada ya kijana wao kuchukuliwa. Hawakumchukia mtu. Waliogopa gari lililoegeshwa mwisho wa kichochoro.

Sasa tuitazame Kikambala yenyewe, maana vijana wengi hawakuwa wamezaliwa. Alhamisi ya tarehe 28 Novemba 2002, katika mwezi wa Ramadhani, gari lililojaa mabomu liliingizwa katika hoteli ya Paradise, kaskazini ya hapa. Karibu wakati ule ule yalirushwa makombora 2 kuelekea ndege ya abiria wa Israeli iliyokuwa ndiyo kwanza inaruka kutoka uwanja wa ndege wa Moi, yakaikosa. Hotelini walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, na katika hao Waisraeli wawili walikuwa watoto. Miongoni mwa Wakenya walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa mlangoni wakiwakaribisha wageni. Walikuwa wakitafuta riziki yao ya siku.

Watu wanne walishtakiwa Nairobi kwa mauaji yale. Mahakama iliwaachilia Juni 2005, ushahidi haukutosha. Wengine waliotajwa kuwa ndio viongozi waliuawa Somalia: Nabhan mwaka 2009, Fazul mwaka 2011. Na huyu aliyepelekwa Guantanamo akafungiwa miaka 17 bila ya kesi. Basi mama wa Kikambala aliyefiwa na bintiye mcheza ngoma, tangu 2002, hajasikia hakimu akisema: huyu ndiye aliyemuua mwanao, na hizi ndizo dalili. Na jamaa za mfungwa hawakusikia hakimu akisema: huyu siye, nendeni naye nyumbani. Neno walilonyimwa wawili hawa ni moja. Sisi tunapopiga kelele kwenye simu, mmoja akishangilia na mwingine akitukana, twalijaza pengo hilo kwa dhana zetu, na dhana haimrudishii yeyote kati yao haki yake.

Kwa nini hakuhukumiwa? Sehemu ya jibu imo katika siasa za Marekani, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu habari hii ina Mzanzibari ndani yake. Gereza lile lilifunguliwa na George W. Bush tarehe 11 Januari 2002, na wanaume wapatao 780 wamepita humo. Barack Obama alipoingia madarakani aliamuru tarehe 22 Januari 2009 kwamba lifungwe katika muda wa mwaka mmoja. Ili kuonyesha kwamba mahakama za kawaida zaweza kazi hiyo, serikali yake ikamtoa Guantanamo Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar na kumpeleka New York kujibu mashtaka ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998, yale yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Novemba 2010 wazee wa baraza wa mahakama ile walimtia hatiani kwa shtaka 1 katika mashtaka zaidi ya 280. Shtaka hilo moja lilitosha kumpa kifungo cha maisha, nacho anakitumikia. Lakini wanasiasa hawakukitazama kifungo. Walilitazama lile zaidi ya 280 aliloponyoka. Zikapigwa kelele kwamba mahakama ni mchezo wa hatari, na kuanzia Januari 2011 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kukataza wafungwa wa Guantanamo wasitiwe katika ardhi ya Marekani, hata kwa kuhukumiwa. Mlango wa kesi ukafungwa kwa sababu kesi ilikwenda kama kesi ziendavyo, yaani ushahidi ulipimwa na mwingine ukakataliwa.

Tangu hapo mfungwa wa Guantanamo amekuwa sarafu ya uchaguzi. Kumwachilia kwagharimu kura, kumweka hakugharimu chochote. Mfano wake mzuri ni wa mwaka 2014, na nauleta kwa sababu nao ni wa kubadilishana wafungwa, na kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi Waislamu kwa njia ya ajabu.

Tarehe 31 Mei 2014 Obama alitangaza kwamba askari Bowe Bergdahl, aliyeshikwa na Taliban tangu Juni 2009, ameachiliwa kwa kubadilishwa na Wataliban 5 wa Guantanamo, kwa upatanishi wa Qatar. Wazazi wake wawili walisimama kando ya rais katika bustani ya Ikulu. Baba, ambaye katika miaka 5 ya kungoja alifuga ndevu na kujifunza Kipashto ili awaelewe waliomshika mwanawe, alifungua kinywa na kusema kwa Kiarabu: Bismillahi Rahmani Rahim. Alisema hivyo kwa kuwa mwanawe aliyekaa miaka 5 miongoni mwa wasemaji wa lugha nyingine huenda akawa Kiingereza chamwia kizito. Fikirini, kina mama, mzazi asiye Mwislamu anayejifunza lugha ya waliomteka mwanawe.

Wamarekani walipokeaje? Mtangazaji mmoja mashuhuri wa televisheni alisema huyu baba anafanana na Mwislamu, naye alikusudia aibu. Mji wao mdogo wa Hailey, Idaho, uliokuwa umefunga tepe za manjano katika miti kwa miaka yote ya kungoja, ulifuta sherehe ya kumpokea, kwa simu na barua za vitisho vya maandamano zilizomiminika. Wenzake wa kikosi walisema kwamba aliiacha kambi kwa hiari yake na kuwatia wengine hatarini kumtafuta. Nao walikuwa na haki ya kusikilizwa. Mshauri wa rais alikuwa amesema kijana huyo alitumikia kwa heshima. Trump, katika kampeni zake, akamwita msaliti, akirudia mkutano baada ya mkutano. Wabunge wakashikilia kwamba hawakupewa ilani ya siku 30 inayotakiwa na sheria, na mkaguzi wa serikali akawaunga mkono.

Mwishowe jeshi lilifanya ambalo lingefanywa tangu mwanzo, yaani kumshtaki na kumsikiliza. Mwaka 2017 alikiri kosa la kutoroka kazini, na hakimu akamfukuza jeshini bila ya kumfunga. Waweza kuikubali hukumu ile au kuikataa, lakini kuna kitu cha kukubali na kukataa. Huyu wetu hakupata hata hicho.

Watu wanapenda kusema kwamba siasa za Marekani ni za Wamarekani. Laiti. Kuna Wayemeni 11 ambao, kwa mujibu wa magazeti ya Marekani, walikuwa tayari kupelekwa Oman Oktoba 2023, ndege imekwisha andaliwa. Kisha yakatokea ya tarehe 7 Oktoba, na wanasiasa wakaona picha ya Waislamu wanaoachiliwa wakati ule haitapendeza. Safari ikavunjwa. Watu hao, ambao hapana aliyewashtaki kwa lolote, wakakaa miezi 14 zaidi kwa sababu ya jambo lililotokea mbali nao wakiwa kifungoni. Walifika Oman tarehe 6 Januari 2025, wiki mbili kabla ya Biden kuondoka. Jamaa zetu walioko Maskati wametueleza kwamba huko habari yenyewe ilipita kimya, bila ya shangwe wala matusi. Nami nilipolisikia hilo nilivuta pumzi. Guantanamo wakabaki 15.

Nao hao 15 ikawa huenda wakapata majirani. Jumatano ya tarehe 29 Januari 2025 Trump alitoa amri ya kutayarishwa mahali pa kuwaweka wahamiaji 30,000 katika kambi hiyo hiyo ya Guantanamo, mbali na lile gereza la wafungwa wa vita. Nyumba nyingi za mji huu zina mtoto au ndugu kule Marekani, na si wote ambao karatasi zao zimetimia. Tangu Jumatano hiyo simu zikapigwa usiku, kwa kuwa usiku wetu ni mchana wao, na kina mama wakauliza swali moja kwa njia kumi. Nawasihi jambo dogo: msiwatumie wanenu kila video ya kutisha inayowafikia. Wao wako karibu na habari kuliko sisi, na hofu ya mama huongeza mzigo. Kama karatasi zao zina kasoro, wamtafute wakili mapema. (Ile amri nyingine ya mwaka 2025, ya kusimamisha misaada kwa siku 90, nayo ilitugusa katika zahanati na dawa, hiyo yataka safu yake peke yake.)

Nirudi kwenye mabadilishano ya Gaza, kwani yupo mmoja ambaye sisi Waswahili tusingepaswa kumsahau. Wanafunzi wawili wa Kitanzania, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, walikwenda Israeli mwaka 2023 kujifunza kilimo. Walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu. Tarehe 7 Oktoba iliwakuta huko wakiwa na muda mfupi tu tangu wafike. Clemence ilithibitishwa Novemba 2023 kwamba ameuawa, akarudishwa kuzikwa kwao. Kifo cha Joshua kilithibitishwa Disemba, lakini mwili wake ulibaki Gaza hadi Novemba 2025. Katika vikundi vyetu sikuona hata kimoja kilichomtaja. Si Mwislamu, si Mpalestina, si Muisraeli. Hana umati wa kumpigia kelele. Alikuwa na wazazi Tanzania waliongoja maiti ya mtoto wao, na lugha waliyolilia ni hii tunayoandikia. Mtu anaweza kuililia Gaza kwa machozi yote, nami nailia, na akabaki na chozi la Joshua.

Dini yetu haikutuacha bila ya mfano katika hili, na mfano wenyewe uko mikononi mwa mwanamke. Baada ya vita vya Badri, Waislamu walikuwa na mateka wa Kikureshi. Waliokuwa na mali walijikomboa kwa mali. Waliojua kusoma na kuandika na hawakuwa na kitu walikombolewa kwa kuwafundisha watoto 10 wa Madina. Miongoni mwa mateka alikuwamo Abul-As bin Rabii, mume wa Bibi Zainab binti wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Abul-As hakuwa amesilimu. Alikuja Badri upande wa maadui. Bibi Zainab, aliyekuwa bado Makka, akaleta fidia ya mumewe, na katika fidia hiyo akatia mkufu. Mkufu ule alipewa na mamake, Bibi Khadija, siku alipoolewa. Mtume alipouona alilainika moyo mno, maana Bibi Khadija alikuwa amekwisha kufariki. Akawaambia masahaba kwamba wakiona vyema wamwachilie mateka wake na wamrudishie mkufu wake.

Nitazamapo kisa hiki, mimi huduwaa mahali pamoja. Mtume hakuamuru. Aliwaomba, kwa sababu haki ya mateka ilikuwa yao waliopigana, na baadhi yao walikuwa na maiti za kuzika. Aliyekuwa na uchungu wa kumtaka mtu wake hakupuuzwa, na aliyekuwa na haki juu ya mateka naye hakurukwa. Abul-As akaachiliwa kwa ahadi ya kumruhusu Bibi Zainab ahamie Madina, akaitimiza. Miaka baadaye akasilimu kwa hiari yake, baada ya kwanza kuwarudishia watu wa Makka amana zao zote. Laiti siku ile ya Badri pangekuwa na simu mikononi, sijui tungemwita nani.

Mji wetu waujua ungojaji huu. Ngomeni, ambako leo watoto wa shule hupelekwa kutazama mizinga, palikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na wake na mama za wafungwa waliishi hatua chache kutoka ukuta ule. Leo wanapanda matatu kwenda Shimo la Tewa. Nilizungumza na mmoja wao Jumapili, mama mtu mzima ambaye mwanawe yu rumande mwaka wa tatu, kesi yaahirishwa kila mara. Nilimwuliza majirani humwambia nini. Akasema: "Mwanangu, wako waniambiao atatoka tu, yeye hana kosa. Wako wanitazamao kama kwamba nilimzaa mwizi. Wote hao hawajaniuliza hali yangu. Mtu akikuuliza habari naye ana jibu lake mfukoni, hajakuuliza."

Na kuna wanaosubiri bila ya hata jela ya kuendea. Mwanzoni mwa 2007, wakati ule ule wa kukamatwa huyu ndugu, Kenya iliwakamata watu wasiopungua 150 waliokimbia vita vya Somalia, wakiwamo wanawake na watoto, na wapatao 90 kati yao wakasafirishwa kwa ndege hadi Somalia na kisha Ethiopia bila ya mahakama kuulizwa. Baada ya hapo yakaja ya hapa nyumbani: shirika la Haki Africa, katika ripoti yake ya 2016, liliorodhesha visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kupotea tangu 2012. Wengi wao walishukiwa tu. Kwa yule mama ambaye mwanawe alitolewa ndani ya gari na asionekane tena, hata gereza la Guantanamo lingekuwa neema, kwa kuwa lina daftari lenye majina. Wanaoandika katika simu kwamba magaidi wasipotezewe muda mahakamani, wamfikirie huyo mama kwanza. Na wanaowafanya wote waliokamatwa kuwa mashahidi wa dini, wamfikirie mama wa Kikambala. Najua kwamba maneno haya hayatawapendeza baadhi ya wasomaji wa pande zote mbili, na barua zenu nitazipokea.

Sasa wewe dada wa Kibokoni. Mtoto akikuuliza tena, mwambie: huyu ni mwana wa mtu, na mamake amefurahi kumwona. Kama alikosa au hakukosa, hilo huulizwa hakimu, naye hulijibu kwa mashahidi. Akiuliza, je, kama hakimu hakuulizwa? Hapo mwambie kweli, kwamba amedhulumiwa, na kama yako makosa basi waliokosewa nao wamedhulumiwa, maana hawatalipwa. Mtoto wa darasa la nne huelewa hilo. Ni sawa na mwalimu anayemwadhibu mmoja bila ya kuuliza nani aliyevunja dirisha. Ami na baba waelewane kutolizungumza kwa kelele mbele ya sahani. Simu ya ami, nadhani, iwekwe juu ya kabati wakati wa kula.

Kwa nyumba ambazo mtu wao amerudi, awe ametoka Shimo la Tewa au mbali zaidi, wataalamu wa nafsi na wazee wetu wanakubaliana katika mambo machache. Aliyefungwa muda mrefu hushtuliwa na mlango ukibamizwa, na huenda akashindwa kulala gizani au kwenye mwanga. Asiulizwe habari za kifungo hadi aanze mwenyewe. Asialikwe hadharani kupigwa picha. Apewe kazi ndogo ya nyumbani ambayo ni yake. Watoto waliozaliwa au kukua akiwa hayupo wasilazimishwe kumkumbatia siku ya kwanza, watazoea. Majirani wapeleke chakula kama wapelekavyo kwa mzazi, waketi kidogo, waondoke.

Shaaban inapoingia, Ramadhani huwa iko mwezi mmoja mbele. Kina mama ambao huwapelekea wafungwa wa Shimo la Tewa tende na sabuni wanajua kwamba ruhusa hutakiwa mapema. Aliyekusudia na aanze kuulizia gerezani mapema, kwa sababu siku za mwisho maombi huwa mengi na vitu hurudishwa langoni.

Wiki ijayo, inshaAllah, tutairudia ile mada ya karo.

Wabillahi tawfiq.